Kidole cha Mama Justa

Jumatatu hiyo Apolonia alikuwa shambani kwake upande wa Kivukoni, amesimama juu ya dungu na kombeo mkononi, akifukuza ndege. Mpunga ulikuwa umeinama kwa uzito, bado wiki mbili uvunwe, na kwelea kwelea hawana adabu hata chembe. Ukigeuka kunywa maji tu wameshashuka kundi zima. Mashamba ya jirani yote yalikuwa na kelele: huyu anapiga debe, yule anapiga mayowe, mwingine anawatukana ndege matusi ya kuwatosha wao na wazazi wao.

Mara kelele zikapungua. Debe la upande wa kulia likanyamaza, na la kushoto nalo likanyamaza. Apolonia akageuka, akaona watu wameinamia simu zao. Mmoja alikuwa akitazama simu, halafu anamtazama yeye, halafu anarudi kwenye simu. Apolonia alipomkazia macho, yule bwana akainama akajifanya anafunga kandambili. Sasa niambieni, kandambili ina kamba gani ya kufunga?

Aliyekuja ni Restuta, jirani yake wa shambani na wa nyumbani, mwanamke ambaye jambo likimfika usoni linaonekana hata kwa kipofu. Alikuja akikanyaga mpunga wa watu, hakujali njia.

"Mama Justa, shuka kwanza."

"Nishuke, hawa ndege atawafukuza nani?"

"Waache wale. Shuka, ukae chini."

Apolonia akashuka. Akadhani ni msiba. Restuta akampa simu huku amegeuza uso wake pembeni.

Sura ilikuwa ya Justa, mwanawe, binti yake wa pekee. Macho ni yake, mwanya wa meno ni wake, hata herini za bibi yake zilikuwa masikioni. Chini ya shingo hapakuwa na uzi. Alikuwa uchi wa mnyama, amelala kitandani kwa namna ambayo mimi sitaieleza, na juu ya picha mtu ameandika: *Mwenyekiti wenu mtarajiwa huyu hapa. Mpigieni kura.* Picha ilikuwa imetumwa kwenye kundi la ushirika wa mpunga, lenye wanachama mia mbili na zaidi, wakiwemo katekista na baba mkwe wa Restuta.

Apolonia hakulia. Alitaka kusema "Mungu wangu" lakini midomo ikakataa, akakaa kwenye matope na khanga yake safi. Ndege wakashuka. Siku hiyo walikula watakavyo.

Ifakara nzima ilikuwa inamjua Justa. Alisomea kilimo, akamaliza, akarudi, akaanza kujirekodi video fupi akiwa kwenye matope hadi magotini, anafundisha watu kupanda kwa mstari. Watu wa Lupiro walizitazama, na wa Chita pia. Baadaye akachukua fomu ya kugombea uenyekiti wa ushirika, mkutano ukapangwa Jumamosi. Na alishasema mapema, bila kumung'unya maneno, kwamba akishinda atafuta lumbesa: lile gunia linalojazwa mpaka linavimba na kuvishwa kofia juu, halafu mkulima anahesabiwa gunia la kawaida. Hapo ndipo alipowakanyaga wakubwa wanaonunua mpunga.

Apolonia alipanda bodaboda hadi nyumbani. Kijiweni vijana walikuwa wanacheka, walipomwona wakakaza nyuso kwa pamoja. "Shikamoo mama," wakasema wote kwa sauti ya chini. Hakuitikia. Siku zote huitikia, hata wakiwa kumi.

Justa alikuwa chumbani, amejifungia. Alipofungua mlango macho yalikuwa yamevimba, lakini sauti ilikuwa kavu.

"Mama, sio mimi."

"Najua sio wewe. Mwili wako naujua mimi, nimekuogesha. Bega lako la kushoto lina kovu la uji uliokumwagikia ukiwa na miaka mitatu. Yule wa kwenye picha bega lake ni safi. Tuwaambie watu waangalie kovu!"

Justa akaishika shingo ya blauzi yake.

"Kwa hiyo nivue blauzi mbele ya mkutano, Mama? Nianze kumwonyesha mmoja mmoja?"

Jamani! Apolonia akaziba mdomo kwa kiganja. Hakuwa amefikiria hivyo. Mtu anavuliwa nguo na wasiomjua, halafu ili asafishike inabidi avue tena mwenyewe.

Justa akamweleza taratibu, jinsi anavyowaeleza wakulima. Siku hizi ipo programu ya simu, unaipa sura ya mtu, yenyewe inatengeneza mwili. Haichukui hata muda wa kuchemsha chai. Picha ilianzia kwenye kundi kwa namba ngeni, dakika chache baadaye ikawa kwenye ukurasa mmoja wa umbea wa mtandaoni, na huko watu elfu nne walikuwa wameshaipitia. Aliripoti. Aliripoti yeye, wakaripoti rafiki zake kumi na mmoja. Jibu lilikuja kwa Kiingereza.

"Wanasemaje?"

"Wanasema wameikagua, na haijavunja taratibu zao."

"Nani hao?"

"Sijui, Mama. Sio watu, nadhani. Ni mashine."

"Mashine imetengeneza, na mashine imekagua?"

"Ndiyo."

Kwenye maisha yake Apolonia amegombana na wafugaji, na mafuriko, na viboko wa mtoni, lakini wote hao unajua walipo.

Saa kumi hivi akaingia Salvatory, mdogo wake Apolonia, katibu wa ushirika kwa miaka tisa sasa. Apolonia ndiye aliyembeba mgongoni huyu, mama yao akiwa mashambani. Hadi leo akila kwake hupewa minofu ya kambale iliyonona. Salvatory alimkumbatia Justa, akavua kofia, akakaa, akatoa leso akafuta macho.

"Mwanangu, dunia imeharibika," alisema. "Mimi ningekushauri toa jina. Andika barua, nipe mimi, niipeleke. Mambo haya yakipoa utagombea tena miaka mitatu ijayo."

"Tunaenda polisi," Apolonia akasema.

"Dada, polisi tena? Uende ukaonyeshe picha hiyo kaunta? Hawa watu wa mtandaoni hawakamatiki. Utaongeza aibu juu ya aibu."

"Aibu ya nani, Salva? Mwanangu kaiba?"

Salvatory akaivaa kofia yake tena. Halafu akasema basi, kama wameamua, yeye kama mjomba hawezi kuwaacha waende peke yao.

Kituoni walipelekwa dawati la jinsia, kwa askari mmoja mama wa makamo, Afande Agnetha, mwenye miwani yenye mkono uliofungwa plasta. Hakushangaa wala hakucheka. Aliiangalia picha mara moja tu akaigeuza simu kifudifudi juu ya meza, na kwa jambo hilo dogo Apolonia akampenda palepale.

"Huyu ni wa tatu mwaka huu," alisema. "Mmoja mwalimu, mmoja muuza mitumba. Huo ukurasa nitauandikia, ila nisikudanganye binti, nikiwaandikia hao wenye mtandao huwa wanachelewa mno. Wapo ng'ambo, hata ofisi hapa hawana. Lakini hii namba iliyotuma kwenye kundi ni ya hapa kwetu. Laini imesajiliwa kwa alama ya kidole. Kampuni ya simu itatuambia kidole cha nani."

Salvatory, aliyekuwa amesimama mlangoni, akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu, "Hata kama laini ni ya zamani?"

"Hata ya zamani, mzee wangu."

Siku mbili zilizofuata Justa hakutoka nje. Shuleni watoto wa Restuta waliulizwa kama jirani yao ni *yule*. Mwanaume mmoja ambaye hawamjui alimpigia simu kumuuliza bei. Bei! Justa alikata, akaizima simu, akachukua karatasi akaandika barua ya kujitoa. Aliandika vizuri sana, mistari imenyooka, akaikunja akaiweka kwenye mkoba. Mama yake aliona akamwacha, maana yeye alikuwa anasubiri kidole. Alijisemea kimoyomoyo kwamba huyo mwenye kidole akijulikana atamfuata hata akiwa kanisani.

Alhamisi asubuhi wakaitwa. Salvatory alikodi bajaji kwa hiari yake, akakaa mbele na dereva, wakafika kituoni. Akasema atasubiri nje, akanunua soda mbili akawapa.

Afande Agnetha alifunga mlango. Alikuwa na karatasi mbele yake na alionekana hataki kuisoma.

"Mama, majina yako kamili?"

"Apolonia Eustaki."

"Namba yako ya kitambulisho cha taifa unaikumbuka?"

Akaitaja. Afande akafuata tarakimu kwa kalamu, moja moja, hadi mwisho. Akavua miwani.

"Mama, laini iliyotuma ile picha imesajiliwa kwa jina lako. Kidole ni chako."

Nje mtu alikuwa anaosha pikipiki, maji yanamwagika. Apolonia alisikia maneno lakini hayakuingia, kama anaambiwa amezaa jana. Kisha akageuka, akamkuta Justa anamwangalia. Sekunde moja tu, wala siyo mbili. Lakini katika sekunde hiyo mwanawe alikuwa anajiuliza.

"Mama?" Justa akasema.

"Mimi?" Apolonia akapiga kifua. "Mimi, Justa? Mimi hata kutuma picha sijui!"

"Najua, Mama. Samahani. Najua."

"Ulinitazama."

"Samahani, Mama."

Afande akawaacha wapumue, halafu akauliza swali ambalo inaonekana alishawahi kuwauliza watu wengi wa bonde hili. "Mama, uliwahi kumsajilia mtu laini?"

Ee Mungu! Aliwahi kumsajilia mtu? Tuulizeni sisi tuliokuwepo! Mwaka ule ilipotangazwa kwamba laini zisizosajiliwa kwa kidole zitafungwa, kitambulisho kilikuwa shida. Wapo waliopanga foleni wakarudi bila, wapo waliokosa cheti cha kuzaliwa, wapo waliokuwa mashambani zoezi likawapita. Apolonia namba yake ilitoka mapema. Watu wakaanza kuja mlangoni: Mama Justa, nisaidie kidole. Yeye aliona ni kama kumwazima mtu jembe, au kinu. Unamnyima vipi jirani kinu? Akaenda kwa wakala wa laini, chini ya mwavuli pale sokoni, akabonyeza. Walimwita Mama Kidole, na yeye alicheka, tena alijisikia vizuri. Nani angemkanya? Sisi wote tuliona ni wema.

"Niliwasajilia watu," alisema polepole. "Kila mmoja laini ya kampuni yake. Watatu. Na yangu."

"Wataje."

"Bibi Brigitha. Huyo tumemzika mwaka juzi, na simu yake alizikwa nayo, alitaka mwenyewe. Kelestini mvuvi. Namba yake naijua, sio hiyo, juzi tu nimempigia anipe perege."

"Na wa tatu?"

Afande akasoma tarehe ya usajili kwenye karatasi. Tarehe ile Apolonia aliijua, ilikuwa kesho yake baada ya arobaini ya marehemu mumewe. Alikuwa bado ana kitambaa cheupe kichwani alipofuatwa kwenda sokoni. Aliyemfuata alisema anataka laini ya pili, ya mambo ya ofisi, na cheti chake cha kuzaliwa kimeliwa na mchwa. Mwaka uliofuata akamwambia ile simu imemponyoka kwenye mtumbwi, imezama na laini yake, wala asihangaike nayo.

"Ilizama mtoni," alisema kwa sauti ya kunong'ona. "Aliniambia ilizama."

Justa alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Mama. Zile herini za bibi kwenye picha."

"Zimefanya nini?"

"Nilizivaa siku moja tu. Nilipopiga picha ya fomu ya kugombea. Hiyo sijaiweka popote, nilidhani mtu kaitoa ofisini. Picha ile nilimtumia katibu. Nilimtumia mjomba."

Mimi ninayewasimulia nimeona mambo. Nimeona mafuriko yakibeba nyumba na kitanda ndani. Lakini mwanamke yule alivyokaa pale, soda mkononi aliyonunuliwa na mdogo wake, bado ya baridi, sijui nimfananishe na nini. Aliiweka chini taratibu. Akasimama.

"Afande, nipe dakika moja."

"Mama, asikimbie."

"Huyo? Huyo nilimfundisha kutembea. Hakimbii."

Salvatory alikuwa kivulini ukutani. Alipomwona dada yake ametoka, akatabasamu, halafu tabasamu likasimama nusu.

"Salva, ile laini yako iliyozama Kivukoni."

Aliangalia lango, akaangalia chini. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na sita, lakini alikuwa akichora vumbi kwa kiatu kama mtoto.

"Dada, nilitaka atoe jina tu."

Apolonia alitegemea akane. Alikuwa amejiandaa kwa hilo, alitaka hata amwapie kwa kaburi la mama yao kwamba si yeye, na pengine angemwamini, jamani, pengine angemwamini. Hakujiandaa kwa hili.

"Ulikaa," alisema, "ukamtafuta mwanamke uchi, ukamvisha sura ya Justa. Mtoto uliyemsimamia wewe kwenye ubatizo. Ukaangalia. Ukaona imefaa. Ukatuma."

"Usiseme hivyo. Mtu alinitengenezea, mimi nilitoa picha tu. Ni siasa, Dada! Wale wanunuzi walinibana, na lumbesa ikifutwa mimi ndio wa kwanza kutupwa. Sikujua itafika mbali, nilidhani itaishia kwenye kundi. Mambo ya mtandaoni watu wanasahau, wiki ijayo watakuwa na jingine." Akamsogelea, akashusha sauti. "Laini ni ya kwako. Sema simu iliibiwa. Sema hujui aliyenayo. Yataisha leo leo, na hakuna wa kufungwa. Mimi ni damu yako."

"Na yule mle ndani ni nini yangu?"

Salvatory akamshika mkono. Mkono wa kulia. Apolonia akautazama mkono wake ulivyoshikwa, kidole gumba kimetokeza juu ya ngumi ya mdogo wake, kina weusi wa udongo wa shambani kwenye ukucha. Akauvuta taratibu, akarudi ndani. Hakuufunga mlango. Alitaka asikie.

Alieleza yote. Alitaja jina la mdogo wake, jina la baba yao, mtaa, kazi, siku ya arobaini, mwavuli wa wakala, mtumbwi. Mara mbili sauti ilikatika, na mara zote mbili Justa alimshika mgongo. Afande aliandika kurasa tatu. Alimweleza wazi kwamba kumwazima mtu kidole nako ni kosa, na kwamba atalieleza kwenye jalada kama lilivyokuwa.

"Liandike," Apolonia akasema. "Ni kosa langu hilo, sikatai."

Kisha Afande akatoka na askari mwenzake. Hakukuwa na mbio wala kelele. Salvatory aliletwa akapitishwa koridoni, mkanda ameshavuliwa, na alipofika usawa wa mlango hakugeuza kichwa.

"Ile picha itatoka lini huko mtandaoni?" Justa akauliza.

Afande akakaa kwa uzito. "Binti, mjomba wako nimempata kwa siku tatu kwa sababu laini ina mwenyewe. Kwa wale wenye mtandao nimetuma barua ya pili leo. Nitatuma ya tatu. Siwezi kukuahidi siku."

Simu ya Justa ikatetemeka mezani. Ikatetemeka tena. Hakuna aliyeigusa.

"Mama, hapa unaweka sahihi," Afande akasogeza karatasi na kalamu. "Unajua kuandika?"

"Naandika vizuri tu," Apolonia akajibu. "Lakini leo lete wino."

Afande akamtazama, akaelewa, akafungua kidau. Apolonia akakandamiza kidole gumba cha kulia kwenye wino mweusi, akakibonyeza chini ya ukurasa wa kwanza, akabonyeza wa pili, akabonyeza wa tatu, na hapo machozi aliyoyazuia tangu shambani yakamtoka yote kwa pamoja. Alilia kwa sauti. Alimlilia mtoto aliyembeba mgongoni na mtoto aliyemzaa, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Alipotulia, akatafuta kitu cha kujifutia kidole, khanga yake hakutaka kuichafua. Justa akafungua mkoba. Akatoa ile barua ya kujitoa, mistari imenyooka, akaikunjua na kumpa mama yake afutie wino.